Adapta haipunguzi umeme

Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme kwenye waya. Soketi ya nyumbani Tanzania hutoa volti 230, Kenya 240, Marekani 120, Japani 100. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi uko kwenye adapta. Kila mzigo wa kutoka Marekani unapofunguliwa, hakosi wa kusema, "Weka adapta tu, itawaka." Adapta inabadili umbo la pini, basi: zile bapa mbili za Marekani zipate kuingia kwenye matundu matatu tuliyorithi kwa Waingereza. Zikiingia volti 230, zinatoka 230 zile zile. Kinachoshusha volti ni transfoma, chuma kizito kilichoviringwa nyaya, nacho hununuliwa kwa kuangalia wati.

Mkanganyiko huu umeletwa na chaja. Chaja ya simu huandikwa INPUT 100–240V, 50/60Hz (V ni volti; Hz, hezi, ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Umeme wowote kati ya hapo inaumudu, kwa hiyo kwake adapta inatosha kweli. Mtu akiona simu imejaa, anaamini na tosta itakuwa hivyo. Tosta ni koili tupu, yaani waya unaopata moto, haina cha kurekebisha volti. Na koili ikipewa volti mara mbili, joto haliongezeki mara mbili bali mara nne, kwa sababu volti zikipanda na mkondo, yaani umeme unaopita (hupimwa kwa ampea), unapanda nazo. Tosta ya Marekani ya wati 1,000, ukiichomeka Dar es Salaam, inavuta zaidi ya wati 3,600, karibu ampea 16. Usiitegemee fyuzi ya ampea 13 ikuokoe: kwa mzigo huo inaweza kuchelewa kukatika, koili ikaungua kwanza. Vyombo vilivyotengenezwa kwa soko la Japani ni hatari zaidi, joto lake linapita mara tano.

Hata transfoma ina mpaka wake. Haibadili Hz 50 za kwetu kuwa 60 za Marekani, ndiyo maana maikrowevu ya zamani ya huko hupata moto kupita kiasi hata ikipewa volti zake sawasawa.

Kwa hiyo ndugu akikupigia kutoka Houston kwamba anakuletea blenda "na adapta yake", mshukuru, kisha mwombe aipindue asome lebo ya chini. Ikiwa imeandikwa 120V 60Hz peke yake, aiache huko huko; blenda za volti 230 zimejaa Kariakoo.