Titi lililovimba miaka mingi baada ya kuwekewa kipandikizi halikandwi: maswali kuhusu upasuaji wa kuondoa vipandikizi

Vipandikizi vya matiti ni nini?

Ni vifuko vya silikoni vilivyojazwa maji ya chumvi au jeli, ambavyo huwekwa nyuma ya titi au chini ya msuli wa kifua ili kuongeza ukubwa wa titi, au kulijenga upya baada ya kuondolewa kwa sababu ya saratani. Visichanganywe na vipandikizi vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi.

Je, vinadumu maisha yote?

Havidumu, na aliyekwambia hivyo alikuwa anauza. Mwili huzungushia kila kipandikizi utando wa kovu, na utando huo ukikaza, titi huwa gumu, huuma na kupoteza umbo. Kifuko cha maji ya chumvi kikipasuka, titi hunywea ndani ya siku chache na kila mtu huona. Cha jeli chaweza kupasuka bila dalili yoyote, ndiyo maana FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, hupendekeza kipimo cha ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, na kisha kila baada ya miaka 2 au 3.

Titi langu moja limevimba, na ni miaka minane tangu niwekewe. Nifanye nini?

Nenda hospitali wiki hii. Uvimbe unaojitokeza zaidi ya mwaka mmoja baada ya upasuaji mara nyingi ni majimaji yaliyojikusanya kati ya kifuko na utando wake, na ingawa kwa wanawake wengi chanzo si kibaya, kwa wachache huwa ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga inayoanzia ndani ya utando huo. Imehusishwa hasa na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza, na kwa sababu hiyo kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vile vya aina ya Biocell mwezi Julai 2019. Daktari atayavuta majimaji hayo kwa sindano akiongozwa na ultrasaundi na kuyapeleka maabara. Ugonjwa ukikutwa bado umo ndani ya utando, kuondoa kifuko pamoja na utando wote huwaponya wengi. Ukishafika kwenye tezi za limfu, kama zile za kwapani, dawa kali za saratani huhitajika.

Nisikandwe kwanza kwa maji ya moto?

Hapana. Kukanda hakuondoi majimaji hayo, na kama kifuko kimedhoofika, kukikamua hakukisaidii. Wagonjwa hutufikia wakiwa na ngozi iliyoungua juu ya titi ambalo bado limevimba, nasi hulazimika kutibu majeraha mawili.

Na antibiotiki za duka la dawa?

Hapana. Uvimbe hupungua kidogo, mgonjwa hufarijika, kisha hurudi baada ya mwezi, na mwezi huo umepotea.

Lakini hauumi. Nikisubiri?

Hapana, tafadhali. Kutouma hakuthibitishi chochote, kwa maana limfoma hii mara nyingi huanza kwa uvimbe tu.

Kuna njia zipi za kuviondoa?

Daktari anaweza kutoa kifuko peke yake na kuuacha utando, kutoa sehemu ya utando, au kuutoa wote. Siku hizi wanawake wengi huja wakidai kila kitu kitolewe kwa kipande kimoja kwa kuwa wamesoma hivyo mitandaoni. Njia hiyo ni ya lazima penye limfoma au inaposhukiwa, lakini kwingine huongeza ukubwa wa kidonda na hatari ya kuvuja damu, na utando ulioshikana na mbavu ukilazimishwa, kifuko cha pafu chaweza kutoboka. Mgonjwa hulazwa usingizi, na wakati mwingine hubaki na mrija wa kutoa majimaji kwa siku kadhaa.

Baada ya hapo titi litakuwaje?

Hutegemea ukubwa wa kifuko, umri wako na ngozi yako. Lingine hurudi vizuri, lingine hulegea na kubaki bapa. Unaweza kuliinua katika upasuaji uleule au baadaye, kujaziwa mafuta ya mwilini mwako, au kuwekewa kipandikizi kipya, ukijua kwamba hicho nacho kitahitaji kufuatiliwa. Mvutaji wa sigara huacha wiki kadhaa kabla, la sivyo kidonda chaweza kuchelewa kufunga.

Sina dalili yoyote. Nivitoe kwa kuhofia saratani?

FDA haipendekezi hivyo, hata kwa wenye vipandikizi vya Biocell, kwa sababu hatari ni ndogo na upasuaji nao una madhara yake. Ukitaka kuvitoa kwa sababu zako, ni haki yako.

Nilifanyiwa nje ya nchi na kadi ya kipandikizi imepotea.

Iandikie hospitali hiyo, uombe jina la kipandikizi, namba yake na aina ya uso wake. Ukivimba kabla hujajibiwa, njoo bila kadi.