Je, wajua kwa nini askari wa Ureno walichomeka maua kwenye mitutu ya bunduki?

Asubuhi ya tarehe 25 Aprili 1974, Celeste Caeiro alifika kazini, kwenye mgahawa mmoja wa Lisbon, akaambiwa leo hakufunguliwi. Mgahawa ulikuwa unatimiza mwaka mmoja, na maua ya kuwapa wateja yalishanunuliwa, basi wafanyakazi wakaruhusiwa kuyachukua. Njiani akakuta wanajeshi waliokuwa wakiipindua serikali. Mmoja akamwomba sigara. Celeste hakuwa nayo, akampa ua. Askari akalichomeka kwenye mtutu, na wenzake nao wakataka. Wareno huliita ua hilo (kwa Kiingereza carnation) cravo, jina lile lile waliloipa karafuu.

Lakini kilichozuia risasi za wanajeshi si maua, ni vita vya Afrika. Tangu 1961 utawala wa kidikteta wa Salazar, ambao Marcelo Caetano aliurithi mwaka 1968, ulikuwa ukipeleka vijana kupigania makoloni yake ya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Makapteni waliokuwa msituni walijua vita hivyo havina ushindi. Kwangu mimi, wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wana sehemu yao kubwa katika uhuru wa Wareno wenyewe.

Makapteni walipanga mapinduzi kwa siri. Wimbo uliopigwa redioni saa 6:20 usiku ndio uliokuwa ishara. Kapteni Salgueiro Maia, mwenye umri wa miaka 29, akaingia Lisbon na magari ya kivita kutoka Santarém. Karibu na mto Tagus, brigedia wa serikali akaamuru apigwe risasi. Ofisa kijana akakataa, akakamatwa. Brigedia akamgeukia koplo José Alves Costa, aliyekuwa ndani ya kifaru. Koplo akajifungia humo humo, asifyatue hata risasi moja. Jioni Caetano akajisalimisha.

Waliomwaga damu siku hiyo ni polisi wa siri: walifyatulia umati risasi wakaua watu wanne.

Wanajeshi wengi wakishapindua hung'ang'ania kiti. Hawa waliahidi uchaguzi, na tarehe 25 Aprili 1975 ukafanyika. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojiandikisha walipiga kura. Miezi miwili baadaye, tarehe 25 Juni, Samora Machel alitangaza uhuru wa Msumbiji.