Je, wajua kwa nini upanga wa bandia unafungwa kamba kwenye tamasha la anime?

Ukiangalia picha za watu waliojivika kama wahusika wa anime, zile katuni za Kijapani, hasa za matamasha ya Marekani, zoom kidogo kiunoni. Utaona kamba ya plastiki, zile zile fundi umeme anazobania nyaya, imezungushwa kwenye mpini na kukazwa mpaka upanga hautoki kwenye ala. Yani mtu kashona joho miezi mitatu, wigi kalisimamisha kwa gundi, buti kalipaka rangi mwenyewe, halafu pale kwenye panga lake zuri kuna likamba linang'aa kama mzigo wa kwenye keria ya basi. Na upanga wenyewe ni wa sponji!

Chukua mfano Sakura-Con ya Seattle, tamasha la mashabiki wa anime na magemu wa kule kaskazini magharibi mwa Marekani. Lilianza 1998 likiitwa Baka!-Con, na baka kwa Kijapani ni mjinga, kwa hiyo walianza kwa kujicheka wenyewe, baadaye ndo wakachukua jina la maua ya mcheri. Linafanyika kila mwaka kipindi cha Pasaka na waendeshaji ni watu wa kujitolea. Ukifika na silaha yako ya bandia hupiti nayo tu hivi hivi, inakaguliwa kwanza na kufungwa kamba. Wenyewe wanaita piisbondi, yaani kufunga kwa amani.

Wazo lenyewe ni la kale sana, hadithi za zamani za Iceland zinataja mikanda ya amani iliyokuwa inafunga upanga kwenye ala, kwamba ukipandwa na hasira lazima kwanza uhangaike kufungua. Na sisi hili tunalijua bila kufundishwa. Mmasai anakatiza mtaani na sime yake kiunoni, watu wanampisha, wanamsalimia, wanaendelea na biashara zao. Sasa aichomoe uone kama mtaa hautabaki mtupu! Sime ni ile ile, kilichobadilika ni kwamba imetoka alani.

Lakini mimi naona hiyo ni nusu tu ya jibu, maana kuna mikuki na mashoka na marungu hayana ala kabisa na bado yanafungwa kamba. Inazuia nini hapo? Haizuii kitu. Pale kamba ni risiti. Mkaguzi mmoja ameshaishika silaha yako, kaona haina makali ya chuma, kama ni bunduki kaangalia kwamba haiwezi kufyatua, akaifunga, basi walinzi wengine wote humo ndani siku nzima wanaangalia kamba tu na kukuacha upite, bila hivyo ungesimamishwa kila mlango na foleni ingefika barabarani. Bunduki za kuchezea nazo zina habari yake, sheria ya Marekani tangu 1989 inataka ziuzwe na ncha ya rangi ya chungwa au alama nyingine ya kuzitofautisha na za kweli, ndo maana shabiki akiipaka nyeusi ili ionekane "ya ukweli" kwenye picha anajitafutia matatizo, kwa sababu polisi hajui hiyo ni kosplei, yaani kujivika kama mhusika tu.

Halafu kuna suala la macho. Hizi silaha nyingi zinatengenezwa kwa sponji ya EVA, jamii ile ile ya malighafi ya ndala, kwa hiyo kuua haziui, ila ndani mara nyingi kuna mti au bomba la plastiki ili zisipinde. Cloud, shujaa wa gemu la Final Fantasy VII, ana upanga unaokaribia urefu wake mwenyewe. Shabiki aubebe mgongoni kwenye korido iliyojaa, mtu amwite kwa nyuma, ageuke haraka... nani aliyekuwa pembeni? Mtoto wa miaka saba, na uso wake uko sawasawa na upanga.

Kilichofanya watu waache kulalamikia ukaguzi ni Phoenix, Mei 2017. Kwenye tamasha la komiki la huko alikamatwa mtu ndani ya ukumbi akiwa na silaha za kweli, bastola na shotigani, zina risasi, na amevaa fulana ya kuzuia risasi. Sasa fikiria, mahali ambapo kila wa pili kabeba bunduki nani atashtuka? Polisi walitaarifiwa na mtu aliyekuwa mbali kabisa, aliyeona ujumbe wake mtandaoni. Waandaaji wakapiga marufuku silaha zote za bandia kwa siku zilizobaki, mpaka za sponji, na milangoni watu wakapanga foleni ndefu juani, na jua la Phoenix si la mchezo.

Wazoefu wameshazoea, wanaelekeza kamba ikae upande wa ndani ambako joho linaifunika. Na ukikutana na picha ya ukumbini upanga hauna kamba kabisa, kuna uwezekano mkubwa imefutwa kwenye kompyuta, we angalia pale kwenye mpini utaona pameng'aa kizembe kuliko kwingine.