Je, wajua kwa nini redio ya upepo ya pikapu huvutiwa waya kutoka kwenye betri?

Tundu la kiberiti lipo palepale kwenye dashibodi, lina volti 12, na kila mtu huchomeka humo chaja ya simu bila wasiwasi. Mbona basi fundi akija kufunga redio ya upepo, ile ya kusikiliza na kujibu, hulipita tundu hilo, hufungua boneti na kuvuta waya mnene hadi kwenye betri yenyewe? Si mbwembwe, wala si mbinu ya kukuongezea gharama.

Jibu limo katika zile sekunde chache unazobonyeza kitufe cha maikrofoni. Redio ikiwa inasikiliza tu hula umeme kidogo, kwa kawaida chini ya ampea 1. Ukibonyeza ili uongee, redio ya wati 50 huruka ghafla hadi ampea 10 au hata 13. Hizo wati 50 ndizo zinazoelekea kwenye antena. Kwenye betri yenyewe huchotwa wati 140 hadi 180, na tofauti yake hugeuka joto. Ndiyo maana redio hizi zina mapezi ya chuma mgongoni, na ndiyo maana hupata moto ukiongea sana.

Kusikiliza hakujawahi kuwa kazi ngumu. Polisi wa Detroit, Marekani, walikuwa na redio ndani ya magari yao tangu 1928, ila walikuwa wakipokea tu. Askari akitaka kujibu ilimbidi ashuke atafute simu. Gari la polisi lililoweza pia kujibu lilionekana Bayonne, New Jersey, mwaka 1933. Ugumu uko kwenye kurusha sauti, na kurusha kunataka umeme mwingi.

Sasa tupige hesabu. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 una ukinzani, yaani kiasi unachozuia umeme kupita, wa takriban omu 0.017 kwa kila mita. Tuseme kutoka betri hadi redio ni mita 4. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 8, yaani omu 0.14 hivi. Pitisha humo ampea 12 na utapoteza volti 1.6 njiani kabla redio haijapata chochote, huku waya wenyewe ukipata joto la karibu wati 20. Chukua waya wa milimita mraba 6, urefu uleule: unapoteza volti 0.3 tu.

Volti 1.6 ni kitu gani? Injini ikiwa inanguruma, si kubwa sana. Alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, hutoa volti 13.8 hadi 14.4, na redio nyingi za magari zimetengenezwa kwa volti 13.8, zikivumilia asilimia 15 juu au chini. Hata ukipoteza volti moja na nusu, bado uko salama. Lakini zima injini. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, ina volti 12.6, ikianza kuvutwa hushuka, toa na zile 1.6 za waya, unabaki na chini ya 11, ilhali kikomo cha redio ni 11.7. Hapo ndipo linapotokea lile jambo linalowachanganya wengi: redio inasikia vizuri, taa zake zinawaka, lakini kila ukibonyeza kitufe inazima au sauti yako inafika kwa wenzako imekwaruza. Mtu huishia kununua redio nyingine, na ugonjwa unabaki kwenye waya. Dawa ya kuujua ni rahisi: weka mita ya kupimia volti kwenye plagi ya umeme nyuma ya redio, injini ikiwa imezimwa, kisha bonyeza kitufe. Usomaji wa wakati redio inasikiliza tu haukuambii kitu.

Tundu la kiberiti huongeza balaa juu ya hilo. Waya wake ni mwembamba, fyuzi yake mara nyingi ni ya ampea 10 hadi 20 na hugawiwa na vitu vingine, na mguso wake ni springi tu iliyokaa na vumbi. Kwa redio ndogo ya wati 4 au 5 hakuna neno, litumie. Kwa ya wati 50, hapana.

Ukishavuta waya kutoka kwenye betri, fyuzi inakuwa jambo la kufa na kupona. Kazi yake kubwa ni kulinda waya na gari. Redio huja na ulinzi wake. Betri ya gari ikiunganishwa chanya na bati la bodi inaweza kutema mamia ya ampea kwa mkupuo, na waya wowote uliovutwa ndani ya kabini utageuka kipande cha moto. Ndiyo sababu fyuzi hukaa karibu kabisa na kichwa cha betri, ndani ya sentimita 15 au 20. Ukiiweka kule nyuma ya redio, mita zote za waya zinazopita kando ya injini hazina mlinzi. Na pale waya unapopenya bati linalotenganisha injini na kabini, lazima tundu liwe na raba. Ukingo mkali wa bati ukisaidiwa na mtikisiko wa barabara hula ganda la waya polepole bila wewe kujua.

Upande wa hasi ndio mafundi hubishana, na kila mmoja ana hoja. Wa zamani hupeleka hasi moja kwa moja kwenye kichwa cha betri na kuiwekea fyuzi nayo pia. Sababu yao ni nzito: mkanda mnene unaounganisha betri na bodi ukilegea au ukikatika, umeme wa starta hutafuta njia nyingine ya kurudi, na waya hasi wa redio unaweza kuwa njia hiyo. Lakini magari mengi ya sasa yana kihisi kwenye kichwa hasi cha betri kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ukiunga redio juu ya kichwa hicho unakiruka kihisi, na kompyuta ya gari inapata hesabu ya uongo kuhusu hali ya betri. Kwa gari la aina hiyo mimi niko upande wa wanaounga hasi pale mkanda wa betri unapofungwa kwenye bodi, baada ya kukwangua rangi hadi chuma king'ae.

Kuna faida nyingine ya kwenda kwenye betri ambayo huonekana masikioni. Alteneta huzalisha umeme wa mawimbi, kisha vifaa viitwavyo daiodi huunyoosha, ila haunyooki wote. Mabaki hayo ndiyo ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Betri hulainisha mawimbi hayo, na kadiri unavyochota karibu nayo ndivyo umeme unavyokuwa safi. Mlio wa tak-tak-tak ni kitu kingine. Huo hutoka kwenye plagi za injini ya petroli. Dizeli ya zamani, isiyo na plagi wala kompyuta, haina adha hiyo, ingawa kelele zake nyingine ni za kutosha.

Baada ya yote hayo, antena ikiwekwa ovyo kazi imepotea. Antena fupi ya robo wimbi, yaani yenye urefu wa robo ya wimbi la redio, huhitaji bati pana chini yake, kwa sababu bati hilo ndilo nusu yake ya pili. Kwenye megahezi 150 wimbi lina mita 2, hivyo antena ni sentimita 50 na katikati ya paa la kabini panaitosha vizuri. Kwenye megahezi 27 robo wimbi inakaribia mita 2.8, ndiyo maana antena za masafa hayo hufupishwa kwa kuzungushiwa koili. Wenye pikapu hupenda kuifunga kwenye ukingo wa bodi ya mizigo, lakini bodi hiyo ni kipande cha pekee, mara nyingi kimekalia raba, na huenda hakigusani vizuri na chasi. Kiunganishe na chasi kwa mkanda wa shaba uliosukwa. Kifuniko cha faiba cha bodi ya mizigo hakiwezi kuwa bati la antena, maana si chuma. Na antena yenye kitako cha sumaku haishiki kila gari: Ford F-150 tangu toleo la 2015 ina bodi ya alumini, kwa hiyo huko utatoboa paa au utatafuta kishikio cha kufungwa kwa skrubu.