Kamera za porini Arizona: kuwinda kunaanza kabla ya risasi

Msimu unakaribia na simu zimeanza tena kumiminika kwenye kituo chetu cha mafunzo ya uwindaji, na safari hii malalamiko yamezidi maswali. Huyu kakuta kamera ya porini, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, imefungwa kwenye nguzo kisimani anataka kujua ni ya nani, yule analia kwamba kapokonywa haki yake ya kuwinda kwa kamera. Nimeona niandike mara moja tumalizane, maana kanuni ya kukataza kamera hizi kwenye uwindaji siyo ngeni, Kamisheni ya wanyamapori ya jimbo la Arizona, Marekani, iliipitisha Juni 2021, makamishna wote 5 wakaikubali, na imeanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Mpaka leo mtu anakwambia hajasikia.

Kinachokatazwa ni kutumia kamera ya porini, AU picha zilizotoka kwenye hiyo kamera, ili umpate mnyama, au umsaidie mwenzako ampate, au hata kujua tu mnyama anakaa wapi ili baadaye aje awindwe. Naomba urudie hapo kwenye picha, maana ndo wengi wanapoteleza. Mtu anafunga kamera mwezi wa tano, anaitoa mwezi wa saba, halafu anatuambia kwa kujiamini kabisa "msimu ulivyofunguliwa sikuwa na kamera hata moja". Sawa ndugu yangu, lakini yule kulungu dume uliyemfuata bondeni ulimjuaje? Ulimjua kwa picha, basi umeshaingia kwenye kosa. Arizona hakuna kalenda kwenye hili jambo, ni mwaka mzima. Wenye kalenda ni majirani: Nevada kwenye ardhi ya umma wanazuia kuanzia 1 Agosti mpaka 31 Desemba, na zile zinazorusha picha moja kwa moja kwenye simu wanaanza kuzizuia mapema zaidi, 1 Julai. Utah wanaanza 31 Julai. Watu wanasoma ya Nevada mtandaoni wanakuja kuyatumia huku, hapana, kila jimbo na sheria yake.

Lingine ni neno kuwinda lenyewe. Kwenye sheria ya Arizona kuwinda siyo kuua peke yake, kumfuatilia mnyama nako kumo, kumtega kumo, kwa hiyo ile hoja ya "sijafyatua hata risasi moja" haikusaidii. Na wanyamapori ni wote, koyote (wa jamii ya mbwa mwitu) na javelina (anayefanana na nguruwe pori) wamo, siyo wapiti, wale kulungu wakubwa wa Amerika, na kulungu tu. Shamba lako binafsi nalo limo, hili tunaulizwa kila wiki na jibu halijabadilika.

Adhabu sasa. Kukiuka kanuni za wanyamapori, pale ambapo haikutajwa adhabu nyingine, ni kosa dogo la jinai daraja la 2, yaani kifungo kisichozidi miezi 4 jela na faini isiyozidi dola 750 kabla hawajaongeza tozo za mahakama. Ukishatiwa hatiani kwa kuwinda kinyume cha sheria, Kamisheni ina uwezo wa kukufutia leseni mpaka miaka 5 kwa kosa la kwanza, mpaka miaka 10 kwa la pili, na kwa la tatu inaweza kukufutia maisha. Tena usidhani utahamia jimbo la jirani ukaendelee, majimbo yana mkataba wa kuheshimiana kwenye hizi adhabu, ukifungiwa huku na kule umefungiwa. Faini mtu analipa akasahau, leseni ndo inayoumiza.

Hoja za wanaopinga nazijua na siyo za kudharau. Mtu anafanya kazi siku 6 kwa wiki, kamera ilikuwa inamwangalizia pori wakati yeye yuko kazini. Wapo pia wazee na watu wenye ulemavu ambao kutembea milimani wiki nzima hawawezi. Nawaelewa kabisa. Ila mwenye kamera 1 hakuwahi kuwa sawa na mwongozaji wa kulipwa mwenye kamera kadhaa kwenye kila kisima, na vibali vyenyewe vinatoka kwa bahati nasibu, mtu anaweza kusubiri zaidi ya miaka 10 apate kibali cha wapiti dume, anafika porini anakuta yule mnyama anafahamika saa yake ya kunywa maji, njia yake, mpaka jina kapewa.

Halafu kuna maji. Nimewahi kukaa karibu na birika moja la maji ya wanyama mwezi wa sita, joto kali, jua linazama. Akatokea kulungu jike na mtoto wake, wanakuja hatua tatu wanasimama, hatua tatu wanasimama. Wamebakiza kama mita thelathini hivi, ikaja pikipiki ya matairi manne, jamaa akashuka akabadilisha memori kadi na betri, dakika kumi tu, hakuwa hata na ubaya. Wale wakageuka, na giza likaingia sijawaona tena. Kwenye jangwa maji ya karibu ni hayo hayo, na kamera zikiwa nyingi mahali pamoja maana yake watu wanapishana hapo kutwa. Ndiyo maana hata kupiga kambi ndani ya robo maili ya maji kwa namna inayowazuia wanyama wasinywe ni kosa, na hilo lilikuwepo zamani kabla ya habari za kamera.

Kumiliki kamera hakujakatazwa jamani! Mtafiti anaruhusiwa, mfugaji anayeangalia ng'ombe wake anaruhusiwa, anayelinda nyumba au anayependa tu kupiga picha za wanyama anaruhusiwa. Shida inaanza pale picha inapogeuka kuwa ramani ya kuwindia, hata kama umempa shemeji yako bure.

Ukikuta kamera unayoitilia shaka usiing'oe, usiivunje, usichukue kadi, hiyo ni mali ya mtu na inaweza kuwa ya mtafiti, utajikuta wewe ndo mwenye kesi. Piga picha, andika tarehe na saa, chukua alama ya GPS, toa taarifa Operation Game Thief, huduma ya Arizona ya kuripoti makosa ya uwindaji. Na kama ya kwako bado ipo porini tangu mwaka juzi na ilikuwa ya kuwindia, nenda kaitoe wiki hii, nenda mchana jua la utosi, asubuhi na jioni waachie wenye kiu.