Je, wajua kwa nini daktari aliyehitimu haachiwi wodi peke yake?

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, waliosoma PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na wazazi wao huanza kuulizana waombe chuo gani cha udaktari: Muhimbili, KCMC, Bugando, au Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), hapa hapa Dodoma? Nyuma yake huja swali jingine, hasa kwa mzazi anayepiga hesabu za ada. Shahada ya udaktari ni miaka mitano. Kwa nini basi kijana akishahitimu afanye mwaka mzima wa mafunzo tarajali hospitalini, chini ya usimamizi, ndipo Baraza la Madaktari Tanganyika limpe usajili kamili?

Jibu la mitaani ni kwamba mwaka ule ni utaratibu tu, au namna ya hospitali kupata watu wa kukesha kwa gharama ndogo. Ni kweli intani, yaani madaktari walio kwenye mafunzo hayo, wanakesha, na ni haki kudai walipwe vizuri na kwa wakati. Lakini jibu hilo limejengwa juu ya imani kwamba udaktari hujaa kichwani darasani, na hospitali ni mahali pa kwenda kuutumia tu. Ukiamini hivyo, chuo bora kitakuwa kile chenye jina la zamani, maabara zinazong'aa na ufaulu wa juu wa kuingilia. Intani naye atakuwa daktari aliyekamilika anayecheleweshewa mshahara. Imani hii inawafanya vijana wachague chuo kwa kuangalia jengo lisilohusika sana na kile watakachokuja kukihitaji.

Kwa kifupi, miaka miwili ya mwanzo hutawaliwa na anatomia, fiziolojia, biokemia na jamaa zake. Baada ya hapo mwanafunzi huhamia wodini: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya wanawake. Mwaka wa utarajali humzungusha tena katika idara hizo hizo nne kubwa, safari hii akiwa na wagonjwa anaowajibika kwao. Kwa nini arudie?

Kwa sababu kitabu cha tiba kimepangwa kwa magonjwa. Unafungua nimonia, unasoma: homa, kikohozi, kupumua haraka. Unatoka kwenye jina kwenda kwenye dalili. Mgonjwa huja kinyumenyume. Analeta dalili, jina hana, na dalili moja ina majina kumi.

Chukua mtu aliyekariri barabara ya Dodoma kwenda Morogoro: Chamwino, Mbande, Kibaigwa, Gairo, Dumila. Muulize Kibaigwa kukoje, atakujibu bila kusita: soko la nafaka, malori, magunia ya mahindi. Sasa mwache asinzie kwenye basi, kisha mwamshe njiani umuulize yuko wapi. Anachungulia dirishani, anaona malori na magunia. Ni Kibaigwa? Malori husimama kila mahali, na magunia wakati wa mavuno yako kila mji. Anaanza kuipitia orodha yake, mji mmoja baada ya mwingine. Kondakta anatupa jicho mara moja na kusema bado hatujafika Kibaigwa, au tumeshapita, hata baridi ya Gairo inaingia. Kondakta hana orodha ndefu zaidi. Ni ile ile. Tofauti ni kwamba amepita pale mchana na usiku, masika na kiangazi, hadi njia ya kutoka kwenye alama kwenda kwenye jina ikafunguka kichwani mwake. Njia hiyo haifunguki kwa kukariri ile ya kwanza kwa bidii zaidi. Ni njia nyingine kabisa.

Kwetu kanda ya kati mfano wake ni homa ya papasi. Papasi ni kupe laini wanaojificha mchana kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, zikiwemo nyumba za tembe, na usiku hutoka kunyonya damu. Huacha bakteria aitwaye Borrelia duttonii. Homa hupanda kwa siku chache, hupoa, kisha hurudi. Kwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto. Hospitali ya Mvumi imewatibu wagonjwa wa homa hii kwa miaka mingi. Mwanafunzi yeyote aliyeisoma atakueleza hayo yote kwenye mtihani. Lakini mgonjwa aliyekaa mbele yake anasema tu, "Nina homa na kichwa kinauma." Kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini za vimelea vya malaria peke yake, kwa hiyo kikisoma hasi hakijasema chochote kuhusu papasi. Bakteria huyo huonekana kwa darubini, kwenye damu iliyochukuliwa homa ikiwa juu. Slaidi hiyo itaombwa na yule anayejua kuuliza analala nyumba ya namna gani, na kama homa iliwahi kuja ikaondoka. Swali hilo huja lenyewe mdomoni mwa mtu aliyewahi kumwona mgonjwa wa papasi.

Mwaka 2016 ilitokea hivyo kwa uchungu zaidi. Katika Dodoma na Manyara watu waliugua macho ya njano, kutapika, tumbo kuuma na kujaa maji, na baadhi yao wakafariki. Chanzo kilikuja kuthibitika kuwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi. Macho ya njano humpeleka daktari kwanza kwenye homa ya ini. Ili afike kwenye ghala, lazima mtu aone kwamba wanaougua wanakula chungu kimoja.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawalitarajii. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Arthur Elstein na wenzake nchini Marekani walichunguza jinsi madaktari wanavyofikiri mbele ya mgonjwa. Walitazamia kukuta mbinu fulani ya jumla ya kufikiri inayowatenga walio hodari. Hawakuiona. Wenye uzoefu na wasio nao, wote hukisia mapema, na daktari aliyefanya vizuri kwa mgonjwa mmoja hakuwa na uhakika wa kufanya vizuri kwa mwingine. Umahiri umefungwa kwenye aina ya tatizo, na ndiyo maana hakuna akili ya darasani inayoweza kufidia wagonjwa ambao hujawaona.

Hapo uchaguzi wa chuo unabadilika. Mwaka 1961 Kerr White na wenzake, wakitumia takwimu za Marekani na Uingereza, walikadiria kwamba kati ya watu wazima 1,000, katika mwezi mmoja 750 hupata tatizo la afya, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na 1 tu hufika hospitali ya chuo kikuu. Namba hizo ni za nchi nyingine na za zamani, hazifai kupachikwa Dodoma. Mchujo wenyewe, hata hivyo, upo kila mahali. Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na UDOM, imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018, na kuiona kazi hiyo karibu ni bahati kubwa kwa mwanafunzi. Lakini homa za kila siku, majeraha ya bodaboda na uzazi uliokwama wa saa nane usiku hujaa zaidi General, yaani hospitali ya mkoa, na wilayani, na wagonjwa wa akili wako Hospitali ya Mirembe.

Kwa hiyo, ukishahakikisha chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Baraza la Madaktari, usiishie kwenye picha za majengo. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa nne umuulize wanazungushwa hospitali zipi, kama wanapelekwa vituo vya afya na zahanati, na kama ana nafasi ya kukleki mgonjwa mwenyewe, yaani kumhoji, kumpima na kuandika maelezo yake, na kusahihishwa siku hiyo hiyo. Muulize pia wanasimama wangapi kwenye kitanda kimoja wakati wa raundi. Hospitali iliyofurika haimsaidii aliyesimama safu ya nne asiyefika hata kumgusa mgonjwa. Na hakuna idadi ya wagonjwa unayoweza kuitaja ukasema sasa inatosha. Usimamizi una uzito sawa na wingi wao.

Baada ya utarajali, wengi huanzia hospitali za wilaya. Huko daktari mmoja huamka kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto, asubuhi akaona wagonjwa wa nje, mchana akajaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na siku nyingine akaitwa mahakamani kueleza alichokiandika. Anayeamua kwenda kusomea ubingwa hurudi shule miaka mitatu hadi minne. Hata kama alikuwa mganga mfawidhi mwenye hospitali nzima mikononi, akichagua ubingwa wa watoto ataanza tena wodi ya watoto, akimkleki mgonjwa usiku na kumweleza bingwa kwenye raundi ya asubuhi.