Je, wajua kwa nini gari la zamani huzimika kwenye foleni ya Mabatini, Mwanza, na barabara ikifunguka linakwenda kama kawaida?

Unatoka Igoma kuelekea mjini. Mpaka Buzuruga gari halina neno. Mabatini foleni inasimama, unatoa mguu kwenye mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unashuka 700, 500, taa za betri na oili zinawaka, kimya. Unapiga starta, linawaka hapo hapo. Ukiliwekea mguu kidogo kwenye mafuta halizimi tena. Wengi hukimbilia plagi na pampu ya mafuta, lakini dalili hii mara nyingi ni ya hewa.

Ukikanyaga mafuta, waya huvuta kile kipepeo cha kwenye throtobodi (mlango wa hewa ya injini), nacho hufunguka hewa iingie kwa wingi. Ukiachia, kipepeo hufunga karibu kabisa. Hapo injini hupumua kwa kichochoro kidogo kinachozunguka kipepeo, na mlinzi wa kichochoro hicho ndiye valvu ya sailensi, yaani mngurumo wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, huifungua na kuifunga mara nyingi kwa sekunde. Injini ikiwa ya baridi huifungua zaidi, mshale ukae kama 1,200 hadi 1,500. Ikipata moto huirudisha kwenye 700 hadi 800 hivi. Ukiwasha AC au ukikata stelingi gari likiwa limesimama, valvu lazima ifunguke tena kubeba mzigo huo. Ikiwa imeganda, ndipo gari huzimika unapoegesha pale sokoni Kirumba.

Kinachoigandisha si vumbi la barabarani hasa, maana hilo huzuiwa na ea klina (chujio la hewa). Ni mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini ili uchomwe, ambao hujibandika pale na kuwa masizi yanayonata kama lami. Mwanza kuna jambo la ziada: ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Valvu inabidi ifunguke zaidi ili injini ipate hewa ile ile, na iliyokwisha kubanwa na masizi haina nafasi hiyo.

Kabla ya kununua chochote, pima kwa kidole. Kwenye Corolla 110 ya injini ya 5A, legeza klipu ya hozi kubwa ya hewa, uitoe kwenye throtobodi. Utaona kipepeo, na karibu yake kitundu cha kichochoro. Washa injini ikiwa ya baridi, ziba kitundu kwa kidole gumba. Injini ikizama au kuzimika, hewa ilikuwa inapita. Isipobadilika kitu, njia imeziba. Kama injini imeshapata moto na bado inanguruma 1,500, ziba tena: ikishuka, valvu imegandia wazi, isiposhuka, hewa inaibwa kwingine, na hapo kagua hozi za vakyumu (mipira myembamba inayovutwa hewa na injini) zilizopasuka na gasketi ya manifoldi.

Mshale ukipanda 1,800, ukashuka 1,000, ukapanda tena, shuku hewa ya wizi pia. Kontroli boksi huona kipepeo kimefungwa na mizunguko iko juu, hudhani gari linateremka mlima, hukata petroli. Mizunguko ikishuka huirudisha. Mchezo huo huendelea siku nzima. Kulanti (maji ya kupozea injini) ikipungua na hewa ikakaa kwenye njia ya maji inayopita kwenye valvu, unaweza kuona yale yale. Njia hiyo Mjapani aliiweka kwa ajili ya barafu ya kwao. Sisi hatuihitaji sana, lakini ukijaza rejeta maji matupu kila siku, kutu huanzia kwenye vinjia vyembamba kama hivyo.

Kusafisha ni kazi ya saa moja au mbili. Subiri injini ipoe kabisa, toa kulanti kama lita 1 au 2, chomoa betri, kisha fungua throtobodi nzima. Valvu iko chini yake kwa skrubu 4 za nyota, na hapo ndipo kazi huharibika: skrubu zimekaza miaka 20, bisibisi ndogo hula vichwa. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta, sugua kwa mswaki laini hadi kile kipande cha ndani kizunguke bila kukwama, lakini usiloweke upande wa koili. Kwenye soketi yenye pini 3, pima kwa mita kutoka pini ya kati kwenda kila ya pembeni: karibu om 20 kila upande ni salama. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika na kusafisha hakutasaidia. Weka gasketi mpya. Silikoni ikizidi huvutwa ndani na kuziba upya. Jaza kulanti, toa hewa, acha injini iungurume dakika 10 bila AC wala taa.

Usikubali lile la «fundi, pandisha sailensi kidogo» kwa kugeuza skrubu inayozuia kipepeo. Skrubu hiyo ilipimwa kiwandani. Ukiiinua, sensa ya kipepeo haiambii tena kontroli boksi kwamba mguu umetoka, gari linakula mafuta likiteremka Bugando, na siku ukiisafisha valvu kweli, mshale utabaki juu bila sababu unayoiona.